Damu ya Bi Mwatum

Kabati la joto la kukuzia seli lilikuwa linanukia marashi ya waridi. Rawiya alifungua mlango wake, akanusa, akaufunga haraka. Mle ndani mlikuwa na visahani vya seli tu.

"Salhiya, umemwaga kitu humu?"

"Mie? Marashi kama hayo ningekuwa nayo, ningejipaka harusini," mwenzake alijibu.

Katika maabara yao ndogo ya Mbweni walikuwa wakichunguza jinsi seli za kinga zinavyoua seli za saratani. Seli ya kinga huikaribia nyingine na kuipapasa. Ikiitambua kuwa ya nyumbani, huiacha. Isipoitambua huing'ang'ania, huitoboa na kuimiminia sumu mpaka ipasuke.

Safari hii damu ya kutolea seli za kinga ilitoka kwa Bi Mwatum wa Kikwajuni, shangazi yake Rawiya, mwenye ruhani, jini wa kichwani, tangu ujanani. Katika ukoo wao, mwenye ruhani hakatwi hata ukucha kabla ya kufukizwa udi na ruhani mwenyewe kuarifiwa.

"Ngoja kwanza nimwambie," Bi Mwatum alisema siku ya kutolewa damu, akikinyooshea mkono chetezo cha udi.

"Shangazi, nna haraka," Rawiya alimjibu, na sindano ikaingia. Ndio wasomi wetu hao, hawana muda wa kubisha hodi.

Na Rawiya alikuwa na mimba, ya kwanza baada ya miaka ya kuhangaika. Alitembea nayo kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Aliweka kisahani chini ya hadubini. Seli zote za saratani zilikuwa zimekufa, na hilo lilimfurahisha. Kisha akaona seli za kinga zimejazana ukingo mmoja tu, ule ulioelekea tumbo lake. Akakizungusha kisahani, akatazama, na zile seli zikaanza kurudi, zikisukumana na kupandana, mpaka zikajipanga tena pale pale mbele yake.

"Hebu njoo utazame," alinong'ona, akampisha Salhiya na kusimama pembeni.

Salhiya aliinama kwenye hadubini.

"Zinahama," alisema kwa sauti ndogo. "Rawiya, zinakufuata wewe."

Ndani ya kabati la joto kitu kikagonga, taratibu, kama mtu anayeomba kufunguliwa, na ile harufu ya waridi ikazidi, ikawajaa puani na kooni, hata Rawiya akafanya linalofanywa katika maabara yoyote kitu kikiharibika: alivitoa visahani vyote na chupa ya damu iliyobaki, akavimwagia klorini mpaka hapakubaki kilicho hai. Harufu ikakatika. Alishusha pumzi, akaona yamekwisha.

Jioni alipita Kikwajuni. Alimkuta Bi Mwatum kitandani, hana nguvu hata ya kukaa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaniacha ruhani wangu, mwanangu. Kaifuata damu yake. Nirejeshee nimtake radhi."

Rawiya alishikwa na woga. "Nshaimwagia klorini. Yote."

Bi Mwatum alijitwika mikono kichwani pale pale alipolala. "Umemvunjia kiti chake! Sasa atakaa wapi?"

Chumba kikanukia waridi. Chetezo kilikuwa baridi, hakina hata kaa moja, na madirisha yalikuwa yamefungwa, na kila Rawiya alipotoa pumzi harufu ile ilizidi, mpaka akajua kwamba inatoka kinywani mwake mwenyewe.

"Rudi kwangu, bwana wangu," Bi Mwatum alinong'ona huku akilia. "Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Muonee huruma."

Rawiya alitaka kumwita shangazi yake. Midomo ilifunguka, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya kiume, nzito, isiyo na hasira.

"Hapa pazuri. Lakini humu kuna mtu."

"Ni mjukuu wangu! Ni wetu huyo!"

Mkono wa Rawiya ukasogea wenyewe hadi tumboni, ukaanza kupapasa polepole.

"Mimi simjui," ile sauti ikasema.