Abee ya Bibi

Asubuhi ile chupa iliitika.

Daktari alikuwa na mzaha wake. Seli za saratani alizozifanyia utafiti zilitoka kwa mwanamke aliyefariki wodini miaka sita nyuma, na sheria ya maabara ilitaka chupa iandikwe namba tu. Yeye, kwa kujiona mjanja kuliko sheria, akaandika "Bibi". Kila akifungua kabati la joto kwenda kuzilisha, aliita, "Bibi, umeamkaje?" kisha akacheka peke yake, maana wenzake walishauchoka mzaha huo tangu mwaka wa kwanza.

"Abee," ikajibu sauti kutoka ndani ya kabati, sauti ya mwanamke aliyelala muda mrefu.

Akaubamiza mlango. Harufu ya vidonda na sabuni ya wodini ikabaki puani mwake. Mwenye akili angejiuliza. Huyu alijiambia ni feni ya kabati.

Na kweli hakuwa na nafasi ya kuogopa. Dawa yake mpya iliua seli za chupa zote isipokuwa za Bibi, zilizozidi kunawiri. Kesho baraza lingeamua kama dawa ipewe wagonjwa, naye alikuwa ameshakikalia kiti cha mkurugenzi kwa mawazo. Basi akafungua daftari, na mbele ya jina la Bibi akaandika: Amekufa.

"Lakini hajafa," alinong'ona fundi wa maabara, mama wa makamo aliyezitunza seli hizo tangu siku ya kwanza. "Futa, Daktari. Anasikia."

"Mama, wewe kazi yako kuosha chupa."

"Umemwita kila siku, leo unamwandika maiti. Ukimtoa humo atakaa wapi?"

Daktari akacheka. Na ili daftari lake lisiwe la uongo, mtu mwadilifu kama yeye, akaitoa chupa, akaiweka kwenye sinki, akaimiminia dawa ya kuulia vijidudu, akasimama akiitazama ikichemka povu huku kabati likigongwa kwa ndani, taratibu, mgongo wa vidole juu ya bati, na ile harufu ya wodini ikipanda kutoka kwenye sinki, ikimwingia kooni, ikishuka, ikitulia mahali fulani chini ya sikio lake la kushoto, palipoanza kuwasha.

Hofu ilimshika hapo, na alistahili. Hata hivyo hakulifuta lile neno.

Kesho yake alisimama mbele ya baraza amefunga kola hadi juu. Pale palipowasha, kivimbe kilichokuwa kama punje ya mahindi alfajiri sasa kilikuwa kama limau, na kilikuwa na joto lake chenyewe. Alisoma matokeo kwa madaha yake yote.

Mwenyekiti, mama mwenye miwani, akapitisha kidole kwenye daftari. "Hii chupa ya mwisho mmeiandika jina badala ya namba. Huyu Bibi naye aliuawa na dawa yako?"

Daktari akafumbua kinywa aseme naam.

"Abee," ikaitika shingo yake.

Kifungo cha kola kikakatika, kikabingirika hadi miguuni mwa fundi, aliyekaa karibu na mlango. Fundi akainuka, akalichukua daftari mikononi mwa mwenyekiti, akalikata neno la Daktari kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: Yu hai.