Nyuma ya Pikapu ya Elikana

Elikana wa Gungu alikuwa dereva hodari wa kwenda mbele. Kurudi nyuma kulimshinda, na Katonga nzima, mwalo ambapo mitumbwi hushusha samaki, ilijua. Miaka yote aliyobeba dagaa, kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, Melania. Alishuka kwenye pikapu, akakaza kitenge, akasimama, mkono kiunoni, pale ambapo mumewe angemwona kwenye kioo cha pembeni, akaongoza: rudi, rudi, kata kulia, rudi, basi. Gari lilishuka mteremko wa mwalo mpaka kwenye magunia bila kugusa kichanja cha mtu cha kuanikia dagaa. Wachuuzi walimtania Elikana kwamba leseni yake ilipaswa kuwa na picha mbili. Alicheka pamoja nao, maana mke wa namna hiyo haonewi aibu.

Kisha Melania akapanda boti kwenda Mwamgongo kununua dagaa, kama alivyokwisha kupanda mara nyingi. Upepo uliwakuta njiani, boti ikapinduka. Waliopona waliletwa wanatetemeka, waliokufa wakaopolewa wakazikwa kwao. Melania peke yake ndiye ambaye ziwa halikumtoa.

Wazee wa ukoo wake walikuja na desturi yao. Mtu wao akipotelea majini, hukata mgomba wenye kimo chake, wakauvika nguo yake, wakauzika kwa jina lake, ili naye awe na pa kulala. Elikana aliwasikiliza mpaka mwisho, kichwa chini.

"Siwezi kuzika mgomba nikauita mke wangu," akasema. "Akirudi nitamwambia nini?"

Wazee wakatazamana. Mfiwa halazimishwi, wakachukua fimbo zao wakaondoka.

Akarudi kazini, mtu lazima ale. Lakini asubuhi moja alijaribu kurudi nyuma mwenyewe pale mwaloni, akavunja vichanja vya watu, na mama mmoja aliyekuwa amekaa anachambua dagaa alipona kwa kuwa alikuwa mwepesi wa miguu. Hakuna aliyemfokea. Walimtazama tu kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko matusi. Siku hiyohiyo akalipeleka gari kwa Alphonce, fundi umeme wa magari, akaomba afungiwe kamera ya nyuma.

"Braza, hii pikapu ni bibi kizee," Alphonce alicheka. "Unataka kumvalisha miwani?"

"Mvalishe."

Alphonce akatoboa tundu juu ya kibao cha namba, akaikaza kamera, akapitisha waya chini ya bodi, akaufunga kwenye chesisi usije ukaning'inia, akauingiza ndani chini ya zulia mpaka mbele, akabandika skrini ndogo juu ya dashibodi. Elikana akatia gia ya rivasi. Skrini ikabaki nyeusi.

"Swichi ya rivasi imekufa," fundi akasema akitoka uvunguni. "Kamera ingechukua moto wa umeme kwenye taa ya rivasi, sasa taa yenyewe haiwaki. Spea yake hapa mjini huipati leo."

"Fanya unavyoweza."

"Basi nachukua moto kwenye swichi ya ufunguo. Ukiwasha gari tu, nayo inawaka. Utaona nyuma muda wote, hata unapokwenda mbele." Akafuta mikono. "Ila usiizoee, braza. Dereva anayetazama nyuma muda wote hafiki."

Kesho yake Elikana alirudi nyuma mpaka kwenye magunia bila kugusa hata dagaa mmoja. Wachuuzi wakampigia makofi. Alipomaliza kupakia akaanza kupanda mteremko, na kwa ugeni wa ile kamera akatupa jicho kwenye skrini. Mwaloni kulijaa watu. Katikati yao mwanamke mmoja alikuwa amesimama, mkono kiunoni, anatazama gari. Hakumjali. Gari likapanda. Watu wakawa wadogo. Mitumbwi ikawa midogo. Vichanja vikawa vidogo. Yule mwanamke hakupungua.

Elikana akatazama kioo cha pembeni. Vumbi tu. Akarudisha macho kwenye skrini. Yupo. Hatembei, gari linakwenda, naye yuko palepale nyuma ya bampa. Kitenge kimemganda mwilini na kinachuruzika maji.

Mtu mwingine angeruka akaliacha gari liende lenyewe. Elikana aliujua ule mkono wa kiunoni. Alilia, kisha akatabasamu kama mpumbavu.

"Melania," akanong'ona. "Ulichelewa wapi?"

Walipofika kwenye lami akatoweka.

Tangu siku hiyo Elikana akawa mtu wa Katonga kuliko wavuvi. Alikwenda hata siku zisizo na mzigo. Alishuka, akageuza gari, akapanda polepole akimsimulia mkewe habari za nyumbani: bati limevuja, binti yao Angela ameng'oka jino, mama Rahabu wa jirani anawasalimu. Mwanamke wa kwenye skrini hakujibu. Lakini kila safari alimsindikiza mbele zaidi. Mara mpaka mjini. Mara mpaka Mwanga. Mara mpaka kona ya Gungu. Elikana hakujiuliza kwa nini. Penzi likimshika mtu aliyefiwa humfunga macho, na simlaumu.

Jioni moja, jua likielekea kuzama, aliegesha uani, mkia wa gari ukielekea nyumba. Skrini ikaonyesha uwanja, kuku, mlango. Melania alikuwa amesimama mlangoni.

"Karibu nyumbani," Elikana akasema.

Akazima gari, skrini ikazimika. Alipoingia ndani, sakafu ya sebuleni ilikuwa na maji.

Angela akaanza kuumwa juma hilohilo. Mchana homa, alfajiri mwili wa baridi. Shuka lilikuwa likilowa, na si jasho, maana lilinuka ziwa. Zahanati walimpima malaria, wakampima taifodi, hawakuona kitu. Mama Rahabu alileta uji kila asubuhi na kuurudisha ulivyo. Mtoto alikuwa akipungua, hata mifupa ya mabega ikaanza kuonekana. Elikana alijiambia ni baridi ya msimu. Moyoni alijua, ila kuijua habari na kuikubali ni safari mbili.

Bibi Agnesi, mama yake Melania, akateremka kutoka Kalinzi kuja kumwona mjukuu. Elikana alimpokea stendi.

"Shikamoo, mama," akasema akitazama chini, maana mkwe hatazamwi usoni.

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Mtoto anaendeleaje?"

"Yupo tu, mama."

Hawakuongea tena mpaka nyumbani. Elikana akaingiza gari kama kawaida yake, lakini kabla hajazima, mkono wa mama mkwe ukamshika kifundo.

"Acha."

Bibi Agnesi alikuwa ameikodolea macho ile skrini. Akanyoosha kidole, akaigusa taratibu, pale palipokuwa na sura. Midomo ilimcheza. Alikuwa mama, na huyo alikuwa mwanawe.

"Umemleta wewe?"

"Alinifuata, mama."

"Ulimkaribisha?"

Elikana akageuza uso kutazama mlango wa nyumba.

"Mtu asiye na pa kulala hutafuta joto," bibi akanong'ona. "Ndani mle kuna joto la nani? La mtoto. Atalilalia mpaka liishe."

"Ni mama yake. Hawezi kumdhuru."

"Hadhuru kwa kutaka. Nimemzaa mimi, ninamjua. Ana baridi, Elikana."

Hata hapo Elikana aliomba siku moja ya kufikiri. Siku moja ya kumtazama tena, ndiyo maana yake. Asubuhi yake akakaa kitandani kwa Angela, akamshika mkono. Ulikuwa baridi kama samaki.

"Baba," mtoto akasema kwa sauti ndogo, "mama anataka nikalale kwake. Anasema kule hakuna mbu."

Elikana akatoka nje, akamkuta mama mkwe jikoni.

"Ukateni huo mgomba," akasema.

Wajomba wa Angela waliukata shambani, wakauleta uani ukiwa mrefu. Wakamwomba mume awape kimo. Elikana akasimama wima, akaweka kiganja chini kidogo ya sikio lake, pale ambapo kichwa cha Melania kiliishia. Kiganja hakikukosea. Wakaupunguza, wakauvika gauni lake la kanisani, wakauzungushia shuka jeupe, wakaulaza nyuma ya pikapu. Katekista alikuja bila kitabu, akasema yeye amekuja kama jirani tu.

Angela alibaki kitandani, akilindwa na mama Rahabu. Elikana hakukubali mtu mwingine aendeshe. Bibi Agnesi akapanda mbele, karibu yake. Mchana ulikuwa mweupe, jua kali, waombolezaji wakifuata kwa miguu na kuimba. Gari likatoka uani.

Kwenye skrini, Melania alikuwa amesimama mlangoni.

Hakufuata. Kwa mara ya kwanza hakufuata. Gari lilikwenda naye akawa mdogo, kama watu wanavyokuwa wadogo wanapoachwa. Elikana alihisi kitu kinang'oka kifuani. Akasema taratibu, "Kwaheri, mke wangu."

Ndipo Melania akageuka, akaingia ndani.

Elikana akakanyaga breki. Mgomba ukajigonga kwenye bodi.

"Ameingia," akasema. "Mama, ameingia kwa mtoto."

"Nimeona."

"Nirudi."

"Ukirudi utamfanya nini? Utamshika? Utamtoa?" Bibi Agnesi alikuwa akilia bila sauti, machozi yakimwingia mdomoni. "Wa kumtoa ni kaburi. Nenda. Nenda upesi."

Akaenda. Aliwaacha waimbaji nyuma wakikimbia na viatu mikononi. Makaburini aliubeba mgomba na wajomba, akashuka shimoni mwenyewe kuupokea. Katekista akaanza wimbo wenye beti nyingi.

"Fupisha," Elikana akasema.

Akafupisha. Wazee wakataka kusema maneno. Elikana akawakatiza, yeye aliyekuwa na adabu zake. Akanyang'anya koleo, akafukia mwenyewe, udongo ukiruka, jasho likimpofusha, akilitaja jina la mkewe kwa kila koleo. Lala, Melania. Lala. Mwache mtoto, ulale. Hakuna aliyewahi kuona mtu akizika mke aliyempenda kwa haraka vile.

Udongo ulipojaa akautupa msalaba kwa wajomba wausimike, akakimbilia gari, mama mkwe akapanda karibu yake. Njia nzima skrini ilionyesha barabara tupu, na utupu ule aliouomba ulimchoma kuliko kitu chochote.

Mama Rahabu alikuwa jikoni, anapuliza moto.

"Angela?"

"Yupo ndani, Baba Angela. Alisinzia mlipotoka, nikaja huku jikoni. Sasa hivi tu ameniita, ameomba chakula. Ameomba mwenyewe."

Elikana akasukuma mlango wa chumba. Angela alikuwa amekaa katikati ya kitanda, miguu ameikunja, mgongo wima. Macho yalikuwa maangavu. Elikana akamshika shavu, akamshika mikono. Joto. Joto la mtoto mzima. Akapiga magoti, akamkumbatia, na hapo kidevu chake kikagusa kitu cha baridi.

Nywele za mtoto zilikuwa zimesukwa.

Zilisukwa mistari myembamba, iliyonyooka, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni. Zilikuwa zimelowa. Njia kati ya mistari zilijaa mchanga laini wa ufukweni. Mstari wa mwisho, upande wa kushoto, ulifika katikati ukaishia hapo, na nywele zilizobaki zilikuwa zimesimama ovyo kama zilivyoachwa na mkono ulioondolewa ghafla.

"Nani amekusuka?"

"Mama."

Elikana akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Alisemaje?"

"Alisema hawezi kuondoka akaniacha na nywele hivi, watu watanicheka. Akasema anasuka tu, kisha anakwenda kulala." Angela akapapasa ule mstari uliokatika. "Nikamwomba amalizie. Akasema hawezi, wanamwita na wana haraka."

Bibi Agnesi alikuwa amefika mlangoni, akayasikia yote. Akakaa chini palepale kizingitini.

Elikana akazunguka nyuma ya mtoto, akashika nywele zilizobaki. Hakujua kusuka. Akazigawa mara tatu, zikamponyoka. Akazigawa tena. Maji ya ziwa yalikuwa bado yakidondoka juu ya vidole vyake.