Kwato Kwenye Jaruba la Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kufagia uwanja, Marsela alipiga ishara ya msalaba na kusali. Sala alizijua zote kwa moyo, hata zile ndefu zinazowashinda watu wazima. Alizisema haraka haraka, akamaliza, akachukua ndoo na kwenda kuchota maji. Akirudi aliwasha moto, akampikia Bibi uji, kisha akavaa sare na kushika njia ya shule.

Waliishi wawili tu, yeye na bibi yake Bernadetha, katika nyumba ndogo ya bati huko Magamba. Mama yake alifanya kazi Mpanda mjini na alikuja mwisho wa mwezi. Bibi alimwita Marsela "mke mwenzangu", kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, naye Marsela alijibu, "Abee, mke mkubwa," wakacheka.

Jumapili moja ya Januari, baada ya misa, Katekista Makarius aliwakusanya watoto wa mafundisho ya Kipaimara. Alikuwa mrina asali, mtu mpole aliyezoea kwenda polepole ili asiwaudhi nyuki.

"Sala mnazijua, hongereni," aliwaambia. "Sasa nawapa kazi nyingine. Wiki hii kila mmoja aangalie anachowaza. Uwe unachota maji, uwe darasani, uwe njiani. Wazo likija, liulize: wewe ni la kweli? Wewe ni la haki? Naweza kukusema Yesu akiwa amekaa hapa pembeni yangu? Kama haliwezi kujibu, usilikaribishe."

"Hata kuwaza chakula, Katekista?" aliuliza Obadia, mvulana mnene asiyekosa swali.

"Hata chakula. Hasa kikiwa ni chakula cha mwenzako."

Watoto walicheka. Marsela naye alicheka, akajisemea kwamba kazi hiyo ni nyepesi. Yeye haibi, hasemi uongo, wala hamtukani mtu.

Lakini alikuwapo Mwandu.

Mwandu alikuwa ametoka upande wa Shinyanga mwaka uliotangulia, pamoja na baba yake Mabula, mama yake, wadogo zake na ng'ombe wao. Walijenga ukingoni mwa bonde, karibu na njia iendayo mtoni. Shuleni alikalishwa dawati moja na Marsela. Tangu siku hiyo Marsela aliwaza mambo mengi. Aliwaza kwamba Mwandu ananuka maziwa. Aliwaza kwamba anaringa kwa sababu baba yake ana ng'ombe. Aliwaza kwamba wafugaji wote ni wale wale, wakifika mahali mashamba ya watu yamekwisha. Hakuwahi kumwambia mtu mambo hayo. Kwa maoni yake, wazo ambalo halijasemwa si kitu.

Wakati huo ulikuwa wakati wa kupanda mpunga. Miche ilikuwa imeota vizuri katika kitalu, kwenye kona moja ya jaruba la Bibi, kipande chake cha shamba la mpunga kilichozungushiwa kingo. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kulima tope, na hiyo ndiyo kazi inayovunja watu. Pale bondeni wenyeji walilima kwa jembe la mkono, mguu ndani ya maji. Bibi alianza, akalima kipande kidogo, mgongo ukamkamata. Alirudi nyumbani ameinama, ameshika fimbo.

Alhamisi jioni jumuiya ilisali nyumbani kwao. Majirani walikaa kwenye mikeka. Ulipofika wakati wa maombi, Bibi alisema kwa sauti ndogo, "Tuombee mgongo wangu, nipate nguvu ya kulima kabla miche haijakomaa. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wote waliitikia.

Marsela aliitikia pia. Ila macho yake yalikuwa kwa Mwandu, aliyekaa kati ya baba na mama yake, amevaa gauni jipya la kitenge. "Ona anavyojiweka," aliwaza. Sala ilikuwa mdomoni, moyo ulikuwa kwenye gauni la mwenzake.

Kesho yake shuleni, wakati wa mapumziko, Mwandu alimfuata.

"Marsela, baba amenituma nikuambie..."

"Niache kwanza," alisema Marsela, akamgeuzia kisogo.

"Ni kidogo tu. Ni habari ya bibi yako."

"Nimesema niache. Sitaki maneno yako."

Mwandu alisimama pale akichezea kifungo cha sare yake, kisha akaondoka. Katika dawati hawakuongea tena mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Jioni hiyo Marsela alipita bondeni kuangalia miche. Alipofika juu ya jaruba lao alisimama ghafla. Tope lote lilikuwa limevurugika. Maji yalikuwa meusi, majani yamezama, na kila mahali palikuwa na alama za kwato. Ng'ombe walikuwa wameingia.

Hakushuka hata kuangalia. Kwa nini ashuke? Yale aliyokuwa akiyawaza mwaka mzima sasa aliyaona kwa macho. Alikimbia moja kwa moja hadi kwa rafiki yake Jeniffer.

"Ng'ombe wa kina Mwandu wamemaliza jaruba letu," alisema, akihema. "Lote. Nadhani hata miche hakuna."

Baba yake Jeniffer, Ponsian, alikuwa uani akifunga mzigo kwenye pikipiki. Yeye ndiye alikuwa kiongozi wa wakulima wa bonde lile. Aliposikia aliweka kamba chini.

"Una hakika ni ng'ombe wa Mabula?"

"Nimeona kwato, baba."

Giza lilipokaribia, Ponsian alifika kwa Bibi. "Shikamoo, mama. Pole na mgongo, na pole na hasara. Kesho mchana tunakutana pale kwenye mashine ya kukoboa. Tutaifunga njia ya mtoni kwa miiba. Mabula akikosa mahali pa kunywesha, atahama mwenyewe. Tumevumilia vya kutosha."

"Marahaba, baba," alisema Bibi. "Nashukuru kwa kunijali. Lakini mimi mwenyewe sijaona kitu. Naomba nione kwanza."

"Mama, mtoto ameona."

"Ndiyo. Na mimi nitaona."

Marsela alilala huku akijiambia kwamba haki imetendeka. Hata hivyo alipojaribu kusali, alifika katikati ya Baba Yetu akakwama. Picha ya Mwandu na wadogo zake wakifuata ng'ombe kwenda pasipojulikana haikumtoka.

Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado si kali, Bibi alishika fimbo kwa mkono mmoja na bega la Marsela kwa mkono wa pili. Walikwenda taratibu, wakipumzika kila penye kivuli. Walipofika, Bibi alitazama jaruba kutoka kona hadi kona. Kisha akavua kandambili, akakaa kwenye ukingo na kuingiza miguu majini. Alichota tope kiganjani, akalifikicha kwa vidole.

"Laini kama ugali wa mgonjwa," alisema. "Mke mwenzangu, njoo ushike."

Marsela alishika.

"Sasa niambie. Ng'ombe waliopotea wakaingia shambani, huwa wanazunguka hivi, kutoka kona hii mpaka ile, bila kuacha kipande?"

Marsela aliangalia. Kweli, kwato zilikwenda kwa mistari, zikageuka pembeni, zikarudi.

"Na kingo? Ziangalie zote. Iko wapi iliyobomoka?"

Hakuna iliyobomoka. Ila mahali pamoja palikuwa na udongo mbichi uliosindiliwa vizuri kwa mikono. Hapo ndipo ng'ombe walipopitia, na mtu alikuwa amepaziba ili maji yasitoke.

"Na miche yako iliyoliwa iko wapi?" Bibi aliuliza, akionyesha kwa fimbo.

Kitalu kilikuwa pale kwenye kona, kijani kibichi. Kilikuwa kimezungushiwa matawi ya miiba, yamepangwa kwa uangalifu, hata ndama asingepenya.

Bibi alijifuta jicho kwa ncha ya khanga. "Kwetu sisi tunalima kwa jembe. Ila kina Mabula huko walikotoka huingiza maksai kwenye tope, wakawazungusha mpaka udongo unalainika. Niliwahi kuona hivyo nilipomtembelea dada yangu huko Mpimbwe. Mtu huyu hakutuharibia, mjukuu wangu. Ametulimia. Tena naona alianza jana alfajiri, kabla ya kupeleka ng'ombe wake malishoni."

Marsela aliachia tope likaanguka majini. "Mwandu alitaka kuniambia," alisema. "Jana. Alisema ametumwa na baba yake. Nikamfukuza."

Bibi hakumgombeza. Alimshika mkono uliojaa tope.

"Bibi, twende ukamwambie mzee Ponsian."

"Kufika mashineni siwezi, mgongo umekwisha. Nenda wewe. Neno lilitoka kwako, wewe ndiye wa kulirudisha. Nami nitakuombea njia nzima."

Marsela alipofika mashineni, watu walikuwa wengi kuliko alivyodhani. Matawi ya miiba yalikuwa tayari yamerundikwa kando. Mabula alisimama peke yake, kofia mkononi. Mwandu na mama yake walikaa chini nyuma yake.

"Mwacheni aseme yeye mwenyewe," Ponsian alikuwa akiwaambia watu. "Mabula, ng'ombe wako waliingia kwenye jaruba la mama Bernadetha, au hawakuingia?"

"Waliingia," alisema Mabula. "Niliwaingiza mwenyewe."

Watu walinung'unika. Mzee mmoja alisema, "Si mnasikia? Tena hana hata aibu."

Marsela alipenya katikati ya watu wazima. Alitamani ardhi impe nafasi ya kujificha, lakini alimwona Mwandu akiangalia chini, akafungua mdomo.

"Shikamooni wazee. Naomba kusema. Jaruba letu halijaharibiwa. Limelimwa. Miche yote ipo, wameizungushia miiba. Mimi niliona kwato tu nikakimbia kusema. Sikushuka kuangalia."

Ponsian alimgeukia Mabula. "Ni kweli?"

"Alhamisi nilisikia mama anaombea mgongo wake," alisema Mabula. "Mimi kuponya mgongo siwezi. Ila maksai ninao, na migongo yao ni mizima. Nikasema, basi hawa nao waitikie. Nilitaka Jumatatu nirudi na gogo la kusawazisha."

Mama mmoja alicheka, halafu wengi wakacheka, kicheko cha watu waliotua mzigo.

"Na nyie watani wetu mbona hamsemi?" Ponsian aliuliza, sasa kwa upole. "Ungetuambia tu, ndugu yangu."

"Nilimtuma binti."

"Alikuja," Marsela alidakia. "Mimi ndiye nilikataa kumsikiliza. Kwa sababu nilikuwa namwazia vibaya. Siku nyingi." Alimwendea Mwandu pale chini. "Naomba unisamehe. Nawe baba, na wewe mama, naomba mnisamehe."

Mwandu aliinua uso. "Ulidhani nataka kukuomba kalamu, eeh?"

"Nilidhani hivyo."

"Na kalamu pia nilikuwa nataka," alisema Mwandu, na tabasamu likamponyoka.

Mabula aliweka kiganja chake kipana juu ya kichwa cha Marsela. "Yamekwisha, binti. Msalimie bibi yako. Mwambie asiguse jembe."

Ponsian naye alimwomba Mabula radhi mbele ya watu wote. Njia ya mtoni haikufungwa. Vijana waliburuta ile miiba mpaka kwenye kitalu cha mjane mmoja, ambacho mbuzi walikuwa wanakisumbua, wakakizungushia. Kabla ya kutawanyika, Ponsian alimuuliza Mabula, kwa kusitasita kidogo, kama maksai wale wanaweza kufika na kwake.

Jioni Marsela alichemsha maji, akalowesha kitambaa na kumkanda Bibi mgongo. Alimsimulia yote, hata yale mawazo yake ya gauni na ya maziwa. Lilikuwa jambo gumu kuyasema kwa sauti. Yalipotoka yalionekana madogo na mabaya, naye hakuelewa aliyaweka moyoni mwaka mzima kwa ajili gani.

"Bibi, mimi nilidhani Mungu anasikia sala tu. Yale mengine nilidhani ni yangu."

Bibi alijiweka sawa chini ya joto la kitambaa.

"Watu wengi tunadhani hivyo," alisema. "Tunampa Mungu dakika chache za asubuhi, siku nzima tunakaa na mawazo mengine. Lakini umeona mwenyewe. Wewe na Mabula mlikaa kwenye mikeka ile ile, mkaitikia maneno yale yale. Yeye aliondoka akiwaza mgongo wa mwenzake, asubuhi akatenda wema. Wewe uliondoka unawaza ubaya, na jioni ubaya ndio ulioutamka. Mtu huanza kutenda pale anapowaza. Kwa hiyo Mkristo halindi mdomo tu, hulinda na moyo. Ukimwona mtu unamwazia vibaya, usisubiri wazo likomae. Simama, shuka ukaangalie ukweli, halafu mwombee mtu huyo kwa jina lake. Utaona. Ni vigumu sana kumchukia mtu unayemwombea."

"Na wazo baya likirudi tena?"

"Litarudi. Kwangu hurudi, na nimezeeka. Nalo unalirudisha tena kwa Yesu, wala yeye hachoki. Kila wazo analisikia kama sala, mjukuu wangu, hata lile ambalo hukukusudia alisikie. Basi jitahidi kuwaza mambo ambayo ungependa akujibu."

Marsela aliloweka kitambaa tena, akakikamua, akakiweka polepole mahali palipouma.