Kijidudu Kisicho na Ukuta

Mzee Kihachi alikuwa ameketi sakafuni, akizungusha fito nyembamba za mianzi kwenye kalibu ya mbao. Nyumba yao ilitengeneza taa za karatasi tangu enzi za babu yake. Mkwewe, Chizuru, alikuwa akipaka gundi. Kutoka chumba cha pili kilisikika kikohozi kikavu cha mjukuu wake, kama mtu anayepasua kuni.

"Siku ya tano," alisema Chizuru. "Baba, leo Wakana haendi shule."

"Haendi? Zimebaki wiki mbili apewe cheti cha kutokosa shule hata siku moja! Mimi nilikipata miaka sita mfululizo." Mzee alionyesha kwa kidevu fremu iliyotundikwa ukutani. "Nilikwenda hata na surua."

"Ukawaambukiza wangapi?"

"Una mdomo wewe, mama Wakana. Mvalishe barakoa aende. Na dawa anakunywa."

Brashi ya Chizuru ilisimama. "Dawa gani?"

Mzee alijifanya kutafuta kisu chake. "Zile zangu za jino. Zilibaki. Penisilini ni penisilini."

Chizuru aliitupa brashi kwenye kopo la gundi. Siku tano mtoto wa miaka tisa anachemka kwa homa, kumbe anameza vidonge vya jino la mzee! Hata hakuulizwa, yeye mama mzazi! Alifumba macho, akaomba Mungu amzuie ulimi. Kisha alichukua daftari la dawa la mtoto, ambamo kila dawa anayopewa huandikwa, akamvalisha Wakana koti, wakaenda zahanati. Mzee aliwafuata nyuma, vidonge mfukoni, akinung'unika.

Daktari alimpima Wakana. Mapafu yalikuwa yameanza kuvimba. "Ni bakteria aitwaye mikoplasma," alisema, akaandika dawa nyingine.

Kwenye duka la dawa, Chizuru alimweleza mfamasia, Bi Nobue, habari ya vidonge vya jino. Bi Nobue alifungua lile daftari. "Hapa hamna penisilini. Nani alimpa?"

"Mimi," alijibu mzee. "Iliniponya mimi, kwa nini isimponye yeye?"

"Mzee Kihachi, dawa ya mtu ni ya mtu huyo, kwa ugonjwa huo. Bakteria wengi wana ukuta mgumu nje ya mwili wao. Penisilini huharibu ujenzi wa ukuta huo, bakteria akapasuka, akafa. Mikoplasma hana ukuta. Sasa penisilini ibomoe nini?"

"Kila kitu kina ukuta," mzee alibisha. "Kisicho na ukuta kinasimamaje?"

Bi Nobue alikwenda mlangoni, akaitungua taa nyekundu ya karatasi. "Hii nani aliitengeneza?"

"Nani mwingine? Mimi."

"Ina ukuta?"

Mzee aliipapasa karatasi kwa kidole.

"Ina karatasi tu," aliendelea Bi Nobue. "Bonyeza, inabonyea. Lakini haipotezi umbo lake. Kwa nini?"

"Ina fito ndani," alisema mzee polepole.

"Basi na mikoplasma ni hivyo hivyo. Nje ana ngozi laini. Ndani ana nyuzi ndogo mno, kama mifupa, zinazomshikilia. Upande mmoja mifupa hiyo inasukuma ncha kama pua. Kwa ncha hiyo ananata kwenye njia ya hewa ya mtoto, na anateleza juu yake. Ndiyo maana kikohozi hakiachii."

"Kwa hiyo babu alikuwa akibomoa ukuta ambao haupo!" Wakana alicheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Chizuru hakucheka. "Na hii dawa mpya?"

"Hii inazuia kazi ya ndani, pale kijidudu anapotengeneza vitu vya mwili wake. Mpe yote kama ilivyoandikwa, hata akipata nafuu. Lakini wapo mikoplasma waliokwisha kuwa sugu. Homa isiposhuka kwa siku mbili au tatu, rudini kwa daktari. Na shule, mpaka daktari aruhusu. Kila akikohoa anawarushia wenzake."

"Darasani wanakohoa saba, mama," alisema Wakana. "Wote wanataka cheti."

Hapo Chizuru alishindwa kujizuia. "Saba! Tunawapa watoto zawadi kwa kuambukizana! Nasi tunatundika ukutani!"

Mzee aliangalia viatu vyake. Alitoa vidonge mfukoni, akavisukuma juu ya meza. "Vitupe, Bi Nobue."

Siku ya pili homa ilishuka. Kikohozi kilikawia, lakini kila siku kilipungua. Chizuru alikwenda kwa mwalimu, akamweleza habari ya wale watoto saba bila kupunguza sauti. Jioni hiyohiyo wazazi wote walipelekewa barua: mtoto anayekohoa abaki nyumbani, apelekwe kwa daktari.

Siku ya vyeti, Wakana hakupewa chochote. Alirudi ameinamisha kichwa, akakuta fremu ya babu haipo ukutani. Msumari uleule ulibeba taa isiyo na karatasi, fito tupu.

"Babu, hii itawakaje?"

"Haiwaki. Nimeitundika niione mimi, nikumbuke kile kijidudu kisicho na ukuta." Mzee alimvuta karibu. "Hebu panda ngazi mbio, ushuke."

Wakana alipanda mbio, akashuka. Mzee na Chizuru walitega masikio.

Hakukohoa.

"Mama Wakana," mzee alisema, "nisamehe."

Chizuru alimsogezea kopo la gundi. "Tufanye kazi, Baba."