Selina Hatarudishwa

Dorotea aliinua godoro la Selina ili alianike juani. Chini yake alikuta ugali mkavu, kichwa cha samaki sato na vipande vya viazi. Sisimizi walikuwa wamejipanga mpaka mlangoni.

"Selina! Njoo hapa!"

Selina alikuja. Alikuwa na miaka minane.

"Hii nini?"

"Sijui, mama."

"Hujui? Panya ndio wamekuwekea? Hapa kwetu umewahi kulala njaa?"

Selina aliwatazama sisimizi.

"Ukiiba tena chakula, nakurudisha ulikotoka!"

Selina hakulia. Alichukua mfuko wake wa rambo, akatia gauni lake, akakaa mlangoni. Dorotea akazidi kukasirika.

Dorotea na mumewe Yakobo waliishi Buhongwa, kando ya barabara ya Shinyanga. Kiwanda alichofanyia kazi Yakobo kilipobinafsishwa, alipunguzwa kazi. Sasa waliuza mitumba. Watoto wao, Mihayo na wadogo zake, walikuwa wakubwa, wameshaondoka nyumbani. Ofisi ya ustawi wa jamii ilipotafuta familia za kulea yatima, wao walijitolea. Walidhani kazi hiyo wanaijua.

Jumatatu, Dorotea alimpeleka Selina ofisini. Afisa wa ustawi wa jamii alikuwa mwanamke kijana, jina lake Kashindye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto wenu huyu hapa. Mimi amenishinda."

Kashindye alimwomba Selina akae barazani. Kisha akauliza, "Shida nini, mama?"

"Anaficha chakula. Anadanganya. Nikimkanya ananitazama tu, kama ukuta!"

"Umemwambia utamrudisha?"

"Kila siku namwambia!"

Kashindye alishusha pumzi. "Mama yake alipofariki, alikaa kwa shangazi. Akapelekwa kwa mjomba, halafu kwa jirani. Kote aliambiwa hivyo, na kote alirudishwa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Kosa letu. Tulikupa mtoto bila kukuandaa. Ndiyo maana tumeanzisha mafunzo ya wazazi walezi. Yako Butimba, kwenye ukumbi wa kanisa, kila Jumamosi. Ni bure."

"Mafunzo!" Dorotea alisimama. "Nimekuja kurudisha mtoto, wewe unanipeleka shule? Mimi nimezaa, nimelea!"

"Uliwalea vizuri, mama. Lakini wale wa kwako hawakujiuliza kesho watalala kwa nani."

Dorotea alitoka, akamwita Selina. Akarudi nyumbani na mtoto, huku akisonya njia nzima.

Yakobo aliposikia alicheka. "Kulea nako kunasomewa? Mama yangu alikuwa na cheti gani?"

"Basi baki wewe na sisimizi!"

Jumamosi Dorotea alikwenda. Alikaa nyuma, amekunja uso. Mzee mmoja, Masalu, aliyevuka na kivuko kutoka Kamanga, alisimama akasema, "Mjukuu ninayemlea analala na viatu. Nikimvua, anavaa tena. Nimechoka!"

Watu walicheka. Kashindye, aliyekuwa akifundisha, hakucheka.

"Anajiandaa kuondoka," alisema. "Mtoto aliyepoteza watu wake ana hofu. Mmoja analala na viatu, mwingine anaficha chakula, mwingine anakuwa mpole kupita kiasi. Akikosa, mkanye. Lakini usimtishie kumfukuza, hata kwa mzaha. Na anayeficha chakula usimwite mwizi. Mpe chombo chake, ajue chakula kipo."

"Na wazazi wake waliokufa?" aliuliza Dorotea. "Nimwambie wamesafiri?"

"Hapana, mama. Mwambie kweli, kwa maneno ya umri wake. Akingoja msafiri asiyerudi, ataumia zaidi."

Jioni hiyo Dorotea alimpa Selina bakuli lenye kifuniko. "Chakula kilichomo humu ni chako. Hakuna atakayekigusa."

Kesho yake bakuli lilikuwa limejaa. Na chini ya godoro kulikuwa na viazi vilevile! Dorotea alitaka kupiga kelele. Akatoka nje, akafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa. Kisha akarudi.

"Selina, sijapenda. Vinaleta wadudu. Lakini hutarudishwa."

Maneno hayo aliyarudia mpaka akayachoka. Siku moja Selina alimwaga maziwa, Yakobo akafoka, "Mtoto huyu tutam—"

Dorotea alimkazia macho. "Jumamosi unakwenda na wewe!"

Yakobo akaenda, ananung'unika. Jioni alimwita Selina, akamwomba amsimulie habari za mama yake. Selina alisimulia kidogo, kisha akalia kwa mara ya kwanza tangu aje. Yakobo alikaa naye mpaka akanyamaza.

Mvua zilikuja, zikaisha. Selina akaacha kuficha chakula. Alinenepa, akaanza kuimba akichota maji.

Siku moja baada ya kula, Dorotea alisema, "Selina, osha vyombo."

"Sitaki."

"Umesemaje?"

"Nimechoka. Kila siku mimi tu!"

Selina alishika kiuno, amenuna, anamtazama Dorotea usoni. Dorotea alifungua kinywa ili agombe. Yakobo akamgusa bega.

"Mama Mihayo," alinong'ona, "anayeogopa kufukuzwa angethubutu kukataa kazi?"

Dorotea alifikiri. Kicheko kikamjia, akakizuia.

"Utaosha," alimwambia Selina.

"Na wewe?"

"Mimi nitasuuza. Haya, twende!"

Wakaenda uani, wakaosha vyombo pamoja, wote wawili wamenuna.