Sifuri Haichoki

Hebu niambie wewe: umewahi kuona mwayo uliokwama?

Pilipili aliuona mchana kweupe, ofisini, kinywani mwa kaka yake wa tumbo moja. Kaka alipanua mdomo, ukabaki wazi kama mlango wa choo cha stendi. Macho hayapepesi, kifua hakipandi. Kisha mwayo ukaendelea, mwenyewe hana habari.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, sista. Kwani vipi?"

Harufu ya ukucha uliochomwa ilibaki mezani.

Kazi yao ilikuwa kutibu programu za wateja wakiwa mbali: unajiunga na kompyuta ya mteja, unaisimamisha programu katikati ya mwendo, unachungulia tumboni mwake, halafu unaiachia iendelee. Upande wa pili usipojibu, muunganisho hujikata baada ya muda uliopangwa. Lakini Meneja, bingwa wa slaidi na suti, alichoshwa na wateja wenye intaneti ya kusuasua. Akaamuru muda huo wa kusubiri uwekwe sifuri kwenye kila kompyuta. Na kwenye programu ile, sifuri maana yake ni subiri milele.

"Milele, bosi? Tunamsubiri nani?" Pilipili alihoji.

"Degree yenyewe ya juzi, maswali ya mwaka mzima!"

Siku ya pili kaka alikwama akicheka. Pilipili akakimbilia skrini yake, akakuta muunganisho mmoja uko wazi kwa mteja aliyefunga biashara kitambo, ambaye kompyuta yake iliuzwa chuma chakavu ikayeyushwa, na bado huko, ambako hakukuwa na mashine wala umeme wala mtu, kulikuwa na kitu kinachojibu, taratibu, kama anayetafuna, huku midomo ya kaka ikigeuka rangi ya majivu na ile harufu ikimpanda puani mpaka machozi yakamtoka.

"Nachungulia tu," sauti ikatoka katika kile kinywa kisichotikisika. "Kama mnavyochungulia ninyi."

"Mwachie kaka yangu," akanong'ona.

"Nilibisha hodi, nikasubiriwa. Mimi mgeni."

Hofu yake ikageuka hasira. "Mgeni siku mbili, ya tatu hupewa jembe! Wewe hata siku hupati." Akafuta sifuri, akaandika sekunde thelathini. "Sasa jibu. Jina lako nani?"

Alishajua hili ni jini. Jini akitaja jina lake, amejikabidhi kwa anayemwuliza; asipolitaja, hajajibu, na muda unaisha.

"Ukinikata, naondoka naye."

"Sikukuuliza safari. Nimekuuliza jina!"

Taa zikafifia, kiti cha kaka kikaanza kutetemeka, kitu kikakwaruza ndani ya skrini kama paka aliyefungiwa kabatini, na Pilipili akamkumbatia nduguye kifuani, mwili wa baridi kama bati la alfajiri, akirudia jina, jina, jina lako nani, mpaka muda ukaisha na muunganisho ukajikata wenyewe, bila mkono wa mtu.

Kaka akavuta pumzi kwa kishindo. Akalia kama mtoto.

Meneja akatokea mlangoni. "Nani kagusa mipangilio? Rudisheni sifuri, wateja wanalalamika!"

Nyuma yake, mhasibu alikuwa amesimama, mguu mmoja hewani, haushuki.

Pilipili akavuta kiti. "Bosi, kaa hapa. Andika namba, kwa vidole vyako, kompyuta zote, sasa hivi, sisi tukikuangalia. Ukiona sifuri ni nzuri, anza na ya kwako, na huyo mgeni umsubiri wewe!"