Kikombe cha Mfalme na Malkia

Walikutana kwa kugongana. Ukumbi wa zana za mawe, pale historia ya nchi inapoanzia, ulikuwa umefurika wanafunzi. Fundi wa vyungu wa makumbusho, aproni ya buluu kifuani, alikuwa akirudi kinyumenyume na chungu mikononi.

"Taratibu, dada. Huyu bibi ana miaka elfu tatu."

"Basi mwambie bibi aangalie anakokwenda," akajibu mtembeza wageni, akikiweka sawa kilemba chake cha manjano.

Tangu hapo simu ya stoo ya fundi ikawa haipoi. Mwaka mzima, mpenzi huku, mpenzi kule, mpaka wenzao wakachoka kuwatania.

Kilichowaponza ni kikombe. Katika ukumbi wa koo za wafalme, mwanamke huyu alikuwa akisimulia jinsi mfalme na malkia walivyopatana kwa kunywea kikombe kimoja, na wapo wageni waliolia. Fundi alipokisafisha akakuta ni vipande vya vikombe viwili tofauti, vilivyogundishwa zamani na mtu asiyejua. Akamwandikia mkurugenzi. Mficha uchi hazai, lakini yeye hakumwambia mpenzi wake neno. Kesho yake mkurugenzi akaja kukiondoa, hadithi ikiwa katikati, akatangaza mbele ya wageni arobaini kwamba yote yale ni uongo.

Mwanamke hakugomba. Aliacha tu kupokea simu. Miezi mitatu alikwenda kazini, akasema yaleyale, akarudi, akala, akalala. Hakuwa na hasira wala hamu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na hakuona sababu ya kuuamsha.

Jumanne moja asubuhi fundi akakata tiketi kama mgeni, shati jeupe limepigwa pasi, akafuata kundi aliloliongoza mpenzi wake mpaka ukumbi wa mwisho. Wengine walipotoka, yeye akabaki.

"Niliogopa kukuona ukiumia," akasema. "Nisamehe. Nataka kukuoa."

"Nilishakusamehe. Lakini sisikii kitu, mpenzi. Utaoa gogo."

"Nitalioa hilohilo. Na kuna jambo jingine. Nimepewa uhamisho, mji wa mbali. Mkurugenzi anangoja jibu. Sijamjibu, nimeanza kwako."

"Utamjibu nini?"

"Utakachosema wewe."

Mwanamke akakaa kwenye benchi. Akaiwaza stoo ile bila yeye, na kifua kikambana. Kiliuma kwelikweli, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu.

"Usiende," akasema, machozi yakimtoka. "Jumapili uje umwone mama."